Vipimo vya handaki vinapotoa jibu lisiloeleweka: dalili, chanzo na namna ya kutatua

Handaki linalochimbwa husogea. Mwamba ukiondolewa, uliobaki hutafuta mahali papya pa kuegemea, na kazi ya vipimo ni kuonyesha kama umepata mahali hapo au bado unatafuta. Taabu ni kwamba katika mwamba wa wastani msogeo wenyewe mara nyingi ni milimita chache, na makosa ya kifaa, hewa na mikono ya watu yana ukubwa huohuo. Hapa tunaanzia kwenye kile kinachoonekana kwenye grafu, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kwanza kabisa, kipimo cha ajabu kichukuliwe kuwa cha kweli mpaka kithibitike kuwa kosa. Mtu aende na taa kwenye mkato uliotoa kipimo hicho, yaani sehemu ya handaki yenye alama za kupimia (prizimu za kioo au karatasi za kuakisi) ukutani na darini, aangalie nyufa mpya kwenye zege la kunyunyizia, bamba za boliti zilizopinda, maji yaliyoanza kutoka, zege linalobanduka. Huku nyuma, kipimo kirudiwe kwa kusimika kifaa upya, si kwa kubonyeza kitufe tena pale pale, kwa sababu kosa la usimikaji litajirudia vilevile. Namba yenye shaka isifutwe. Iwekewe alama na ibaki kwenye faili.

Kila kosa lina nyayo zake. Kosa la kituo, yaani mahali kifaa kiliposimikwa, huhamisha alama zote kwa pamoja, kana kwamba mkato mzima umebebwa. Kosa la hewa hukua kadiri umbali unavyoongezeka. Kosa la prizimu huja na kiasi kilekile kila mara. Ardhi nayo ina tabia yake: msogeo huwa na kasi karibu na uso wa uchimbaji (ukuta wa mbele unaochimbwa), hupoa kadiri uso unavyokwenda mbali, na mikato jirani hufanana. Alama moja ikienda peke yake huku majirani zake wote wametulia, anza na kifaa na alama yenyewe, ila usisahau kwamba bonge moja la mwamba linalolegea darini nalo husogeza alama moja tu.

Dalili: alama zote za mkato zimehama upande mmoja kwa kiasi kinacholingana

Tuseme alama tano zilizo mita 60 kutoka kwenye totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali), zote zimeshuka milimita 4 na kwenda kulia milimita 3 tangu jana. Kabla ya jambo lolote, kokotoa umbali kati ya alama na alama ndani ya mkato: ukuta kwa ukuta, dari kwa kila ukuta. Ikiwa umbali huo haujabadilika zaidi ya nusu milimita, umbo la handaki halijabadilika, na mshukiwa wa kwanza ni kituo cha kifaa.

Ndani ya handaki kifaa husimikwa popote panapofaa, kisha hujitafutia mahali pake kwa kulenga alama za rejea. Rejea zikiwa mbili tu, hakuna namna ya kujua ni ipi iliyohama. Zinatakiwa nne kwa uchache, na sita hadi nane ni bora, zikiwa zimetawanywa kwenye kuta zote mbili na darini. Angalia masalia ya hesabu ya kituo, yaani tofauti kati ya kilichopimwa na kilichokokotolewa. Yakiwa chini ya milimita 1 kwa kila rejea, kituo ni kizuri. Yakifika milimita 2 au 3, ondoa rejea moja, kokotoa upya, irudishe, ondoa nyingine. Ile ambayo kuiondoa kunashusha masalia yote kwa ghafla ndiyo yenye tatizo. Nenda kaitazame: huenda imegongwa na mashine, imekaa juu ya zege lililobanduka, au iko karibu mno na uso wa uchimbaji. Rejea iwe nyuma ya uso kwa angalau mara tatu ya kipenyo cha handaki, na katika mwamba laini unaobana polepole isogezwe nyuma zaidi, hadi kwenye mikato ambayo grafu zake zimelala kabisa.

Kuna sura ya polepole ya kosa hili. Kila kituo hutegemea kilichotangulia, mnyororo unarefuka, na handaki lina mlango mmoja tu wa kuuhakiki. Kosa la mwelekeo la sekunde 5 za pembe tu, likibebwa mita 500, huwa milimita 12 pembeni. Kwenye grafu utaona mikato yote ikielekea upande mmoja, na kiasi kinaongezeka unavyokaribia uso. Tiba ni kupima mnyororo mzima upya kutoka mdomo wa handaki, na kwa handaki refu kuthibitisha mwelekeo kwa theodolaiti ya jairo, inayotafuta kaskazini yenyewe. Wakati huo huo, misogeo inayolinganishwa ndani ya mkato mmoja bado inaaminika.

Tahadhari hii ina uzito: mkato wote kushuka bila umbo kubadilika si lazima liwe kosa. Handaki likichimbwa kwa kuanza na nusu ya juu, tao la zege na chuma husimama juu ya nyayo zake mbili. Ardhi chini ya nyayo ikiwa dhaifu au imeloweshwa na maji ya kuchoronga, tao zima huzama kama lilivyo, na umbali wa ukuta kwa ukuta haubadiliki. Ndiyo maana anayefuatilia mkaribiano wa kuta peke yake anaweza kulala usingizi huku tao linazama. Pima kimo cha nyayo kwa leveli (kifaa cha kupima vimo) kutoka alama iliyo mbali, na angalia kama mkato wa jirani, ukipimwa kutoka kituo kingine, unashuka pia. Ukishuka, acha kumtafuta mchawi kwenye kifaa.

Dalili: grafu inapanda na kushuka kila siku, na alama za mbali ndizo zinazocheza zaidi

Hapa chanzo ni hewa. Mwanga hupinda ukipita kwenye hewa ambayo upande mmoja ni wa joto kuliko mwingine. Kwa makadirio, tofauti ya nyuzi 0.2 za Selsiasi kwa kila mita, ikikaa hivyo njia nzima, humsogeza mlengwa milimita 1 kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 200 si milimita 2 bali 4, kwa sababu kosa hukua na mraba wa umbali. Zege jipya linapokomaa hutoa joto, bomba la upepo hupuliza hewa baridi upande mmoja, na mdomo wa handaki huchanganya hewa ya nje na ya ndani. Mstari wa kulenga unaopita karibu na ukuta kwa mita nzima nzima utaathirika kuliko unaopita katikati.

Fupisha mlengo uwe chini ya mita 100. Weka mstari angalau mita 1 kutoka ukutani. Ukiwa na shaka, pima alama zilezile mara mbili, kifaa kikiwa upande wa kushoto na kisha upande wa kulia wa handaki: tofauti ya majibu itakuonyesha ukubwa wa tatizo waziwazi. Baada ya kulipua, subiri moshi na vumbi vitoke na upepo utulie. Eneo la mdomo lipimwe saa ileile kila siku.

Umbali nao hudanganywa na joto na shinikizo la hewa. Nyuzi 10 za makosa kwenye kifaa ni karibu sehemu 10 kwa milioni, yaani milimita 1 kwa mita 100. Wengi huingiza joto la ofisini asubuhi na kulisahau. Kifaa chenyewe kikitoka kwenye gari baridi na kuingia handaki lenye joto kinahitaji muda: hesabu takribani dakika 2 kwa kila nyuzi ya tofauti. Lenzi iliyofanya ukungu ni dalili kwamba hukusubiri.

Dalili: mruko wa ghafla wenye kiasi cha ajabu

Msogeo wa milimita 17.5 au 34.4 unaoelekea moja kwa moja kwenye kifaa au mbali nacho si mwamba. Kwa vifaa vya Leica, kwa mfano, prizimu ya kawaida ya duara ina kiweko (marekebisho ya umbali, kwa milimita) 0, prizimu ndogo 17.5, ya pande zote 23.1, na karatasi ya kuakisi 34.4. Mtu amebadilisha aina ya alama bila kubadilisha mpangilio. Aina ya alama iandikwe kwenye orodha ya pointi, si kwenye kumbukumbu ya mpimaji wa zamu.

Mruko usio na kiasi maalumu mara nyingi ni kifaa kilichojilenga kwenye prizimu ya jirani. Kama kihisi cha kujilenga kinaona pembe ya nyuzi 1.5, kwa umbali wa mita 100 anga lake lina upana wa mita 2.6, na alama za mikato miwili zinaweza kuingia humo kwa pamoja. Punguza anga la kuona kwenye mpangilio, au panga alama za mikato inayofuatana kwa vimo tofauti. Matone ya maji na zege lililorukia kioo huleta makosa ya namna hiyo, kwa hiyo kitambaa safi kiwe sehemu ya vifaa vya kila zamu. Karatasi ya kuakisi inayotazamwa kwa pembe kali, zaidi ya nyuzi 45 kutoka mbele yake, haitoi umbali wa kuaminika. Igeuze ikitazame kifaa.

Kipimo kifanyike kwa nyuso zote mbili za darubini, yaani mara ya pili darubini ikiwa imepinduliwa na kifaa kugeuzwa nyuzi 180. Tofauti kati ya nyuso ikianza kukua wiki hadi wiki, kifaa kinahitaji kurekebishwa kabla ya kulaumu kitu kingine.

Dalili: skana ya leza inaonyesha ukuta umeingia ndani milimita 50

Uliza kwanza kama kuna tabaka jipya la zege lililonyunyiziwa kati ya mikupuo miwili ya skana. Skana haijui tofauti ya ukuta uliosogea na ukuta ulionenepeshwa. Daftari la kunyunyizia zege likae pamoja na faili za skana, na linganisha tu mikupuo ya ukuta uleule. Ukuta wenye maji hurudisha mwanga hafifu na kuacha matundu, na mlengo unaoparaza ukuta hupanua kila nukta, hivyo usitumie nukta zilizo mbali kuliko takribani mara mbili au tatu ya kipenyo cha handaki. Skana ni nzuri kwa kuona umbo zima na kutafuta uvimbe ambao alama tano zingeukosa. Kwa msogeo wa milimita 2, bado prizimu ndiyo yenye neno.

Dalili: msogeo ni mdogo mno, kila mtu amefurahi

Hii ndiyo dalili tunayoiogopa kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeiripoti. Chanzo chake cha kawaida ni usomaji wa mwanzo uliochelewa. Ardhi huanza kusogea kabla uso wa uchimbaji haujafika, na alama haiwezi kuonyesha kilichotokea kabla haijafungwa.

Kwa mwamba usiovunjika, fomula ya Panet, inayokadiria msogeo kwa umbali wa uso, hutoa picha nzuri. Chukua handaki lenye nusu kipenyo cha mita 5. Usoni penyewe, karibu asilimia 25 ya msogeo wote imekwisha kutokea. Uso ukiwa mita 1 mbele ya mkato wako, imetokea asilimia 53. Ukiwa mita 5 mbele, asilimia 86. Kwa hiyo zamu iliyofunga alama mita 1 kutoka usoni itaona asilimia 47 ya msogeo, na iliyosubiri hadi mita 5 itaona asilimia 14. Handaki ni lilelile na mwamba ni uleule, lakini grafu moja ni zaidi ya mara tatu ya nyingine. Mwamba uliovunjika huendelea kusogea kwa muda mrefu zaidi, hivyo asilimia hubadilika, ila mwelekeo wa hoja haubadiliki.

Kinachofanya kazi:

1. Alama zifungwe mara tu zege la kwanza linapoweza kushika boliti yake, mita 1 hadi 2 kutoka usoni.
2. Usomaji wa mwanzo ufanyike kabla ya mlipuko unaofuata, mara mbili kwa usimikaji tofauti, na wastani uchukuliwe.
3. Saa na umbali wa uso viandikwe pamoja na kila usomaji. Bila umbali wa uso, grafu ya muda peke yake haiwezi kusema kama utulivu umetokana na mwamba kutulia au uchimbaji kusimama.
4. Alama ikivunjwa, mpya ifungwe na kupimwa siku hiyohiyo. Jumla iendelee kutoka thamani ya mwisho pamoja na makadirio ya pengo, na pengo lionekane kwenye grafu. Kuanza upya kutoka sifuri ni kupoteza historia.

Usilinganishe mikato miwili bila kujua kila mmoja ulianza umbali gani. Mkato "tulivu" katikati ya mikato yenye msogeo mkubwa, mara nyingi ni mkato uliochelewa.

Vifaa vya ndani ya mwamba na zege

Utepe wa kupimia mkaribiano wa kuta hukosea kwa joto: utepe wa chuma wa mita 10 hurefuka milimita 1.2 kwa nyuzi 10. Soma mara tatu, ukiufungua na kuufunga upya kila mara. Tofauti ikizidi milimita 0.2, tafuta uchafu kwenye ndoano au mvuto usio sawa. Upimwe kwenye fremu ya uhakiki kabla na baada ya zamu.

Ekstensomita, fimbo zilizofungwa ndani ya tundu la mwamba kwa nanga kadhaa, hupima kwa kulinganisha na nanga ya ndani kabisa, ambayo huchukuliwa kuwa haisogei. Nanga zote zikionyesha mwendo uleule kwa wakati mmoja, kilichosogea ni kichwa cha kifaa au nanga hiyo ya ndani. Pima kichwa kwa prizimu na utajua. Nanga moja isiyofanana na nyingine huenda haikushikwa na grauti (uji wa saruji).

Kwa inklinomita, kihisi cha mwinamo kinachoshushwa ndani ya bomba lililozikwa ardhini, jumlisha usomaji wa upande wa kwanza na wa upande uliogeuzwa nyuzi 180. Jumla hiyo inatakiwa ikaribie kuwa ileile kwa kila kina cha nusu mita. Grafu inayoinama kama mstari mnyoofu tangu chini ni kuhama kwa sifuri ya kihisi. Grafu inayoiga umbo la bomba lenyewe ni kihisi kilichozunguka kidogo. Msogeo wa kweli hutokea kwenye kina fulani na hukaa hapo.

Vihisi vya waya unaotetemeka ndani ya zege, vinavyopima linavyobanwa au kuvutika, visomwe pamoja na joto lake. Chuma cha waya hutanuka takribani sehemu 12 kwa milioni kwa nyuzi moja, zege karibu 10. Zege likipoa nyuzi 30 baada ya kukomaa, tofauti hiyo peke yake ni sehemu 60 kwa milioni ambazo si mzigo. Seli ya shinikizo inayosoma sifuri mfululizo huenda imeachana na zege lililosinyaa. Ikiwa ina kijibomba cha kujaza mafuta, kibanwe ili igusane tena na zege.

Juu ya ardhi: majengo yanashuka, alama za barabarani hazishuki

Lami au bamba la zege linaweza kuziba pengo kama daraja huku udongo chini yake umeshuka. Misumari ya barabarani itasema hakuna tatizo mpaka bamba livunjike. Choronga upite tabaka la barabara, weka fimbo ya chuma iliyosimama kwenye udongo, izungushie bomba ili isiguse lami, na pima kichwa chake kwa leveli.

Bonde la mshuko lililo pana kuliko hesabu, au lililoanza kabla uchimbaji haujafika, linaashiria maji: handaki linanyonya maji ya ardhini na udongo laini unasinyaa. Soma piezomita (vipima shinikizo la maji ya ardhini) za siku hizohizo. Na alama ya kimo unayoitegemea, je, iko nje ya eneo hilo?

Ndani ya handaki, stafu (fimbo ya vipimo inayosomwa kwa leveli) iliyoning'inizwa darini husomwa na kuingizwa kwa alama ya kutoa. Ikiingizwa kwa kujumlisha, kosa huwa mita kadhaa na huonekana mara moja. Kosa hilohilo hutokea pale ambapo programu imegeuza yenyewe na mtu akageuza tena.

Dalili: grafu iliyokuwa inalala imeinuka tena

Ukishahakiki yote hayo na mruko ukabaki, ardhi inasogea. Angalia umbali wa uso. Kasi ikiongezeka uchimbaji unapoanza tena, au nusu ya chini inapochimbwa chini ya mkato huo, kuna sababu inayojulikana. Kasi ikiongezeka hali uchimbaji umesimama, mfumo wa kushikilia mwamba unashindwa.

Vipimo vya pande tatu hutoa onyo la mapema ambalo utepe hauwezi kutoa. Vekta ya msogeo wa dari (mshale wa ukubwa na mwelekeo wake), ikitazamwa kutoka ubavuni, huwa na mwinamo wake wa kawaida. Ikianza kuinama zaidi kuelekea upande uliokwisha kuchimbwa, mkato baada ya mkato, kwa kawaida kuna eneo laini mbele ya uso. Choronga matundu ya uchunguzi kabla ya kulipua tena.

Kwa msogeo unaoharakisha, chora kinyume cha kasi dhidi ya muda, njia aliyoieleza mtafiti Mjapani Fukuzono mwaka 1985. Kasi ikiwa milimita 2 kwa siku leo, na 4 baada ya siku mbili, kinyume chake kimetoka 0.5 hadi 0.25, na mstari ukinyooshwa hugusa sifuri siku mbili baadaye, ambayo ndiyo makadirio ya siku ya kuporomoka. Usiuchukulie kama miadi. Ni ishara ya kuondoa watu, kuongeza boliti na zege, kuegemeza uso wa uchimbaji, na kusoma kila saa badala ya kila siku.

Kiwango cha tahadhari kikivukwa, kisipandishwe ili kengele inyamaze. Nicoll Highway nchini Singapore, tarehe 20 Aprili 2004, uchimbaji wa wazi wa handaki la reli uliporomoka na kuua watu 4. Viwango vya usanifu vilikuwa vimevukwa kabla ya hapo, na hesabu zikafanywa upya ili kuvipandisha. Kiwango kibadilishwe tu kwa maandishi ya msanifu anayeeleza kwa nini ardhi inafanya tofauti, na ni nini kitaongezwa kuishikilia.

Ratiba ya kusoma irudi nyuma hatua kwa hatua: kila siku mpaka uso uwe mbali zaidi ya mara mbili ya kipenyo na kasi iwe chini ya milimita 1 kwa siku, kisha kila siku ya tatu, kisha kila wiki hadi mabadiliko yabaki ndani ya usahihi wa kifaa kwa mwezi mzima. Nusu ya chini au sakafu ikianza kuchimbwa chini ya mkato uliotulia, mkato huo unarudi kwenye kusomwa kila siku, siku moja kabla ya kazi kuanza.